Lori Lililomeza Upepo

Huyu ni Sekela. Anaishi Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua nyingi zaidi.

Na huyu ni Shangazi Tupokile, dada yake Baba. Kazi yake ni kushona nguo. Lakini siku moja alirudi nyumbani ndani ya lori kuukuu la dizeli, likivutwa na trekta. Alikuwa anapunga mkono kama bibi harusi.

"Nitalitengeneza mwenyewe!" alisema. "Litabeba ndizi zetu hadi sokoni."

Baba alilizunguka lori. Taa moja ilining'inia. Kuku mmoja alikuwa ameshahamia ndani.

"Dada," Baba aliuliza, "hili ni lori, au ni banda la kuku?"

Lakini Sekela alilipenda papo hapo. Alipanda kiti cha mbele, akakataa kushuka.

Shangazi akaanza kazi. Alifunga taa kwa uzi wa kushonea. Alipima matairi kwa futi ya kupimia magauni. Alifungua chujio la dizeli, akalisafisha vizuri, akalirudisha. Boliti moja ikabaki. Akaitia mfukoni haraka.

Akawasha.

Ngru, ngru, ngru... pfff. Lori likalala.

"Shangazi, wewe ni fundi gani?"

"Fundi anayejifunza!"

Akaitoa boliti mfukoni. Akaitafutia tundu lake, akaikaza.

Ngru, ngru, ngru... pfff. Lori likalala.

"Shangazi, wewe ni fundi gani?"

"Fundi anayejifunza!"

Baba akatoka nje. "Lisipowaka leo, kesho linakwenda kwa watu wa chuma chakavu. Watalikatakata."

Kulikatakata! Sekela aliogopa. Machozi yakamlengalenga.

Shangazi alichukua spana. Alilegeza mrija wa dizeli, akachungulia. Mapovu yakatoka.

Blup, blup, blup.

"Mbona linatoa mapovu?" Sekela aliuliza.

"Ala! Nilipofungua chujio, upepo uliingia. Lori letu limemeza upepo!"

Sekela aliijua dawa yake. Mdogo wake akimeza upepo, Mama humpigapiga mgongoni mpaka acheue. Basi akalipigapiga lori kwenye boneti.

Pa, pa, pa. "Cheua, lori. Cheua, mtoto mzuri."

Lori halikucheua. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Alipoinuka, aliona kidude cheusi juu ya chujio. Akakibonyeza. Fyo! Povu likaruka.

"Kumbe ni pampu! Na mimi nilidhani ni pambo."

"Pambo, Shangazi? Kwenye lori?"

"Nyamaza, bonyeza!"

Sekela akabonyeza. Fyo, fyo, fyo. Mapovu yakatoka. Kidole kikachoka, akabonyeza kwa kiganja. Fyo, fyo, fyo. Mapovu yakapungua. Kiganja kikachoka, akabonyeza kwa mikono miwili.

Fyo... fyo... Mapovu yakaisha. Ikatoka dizeli tupu.

Shangazi akakaza mrija. Wakapanda mbele, wote wawili. Sekela akafumba macho.

Ngru, ngru, ngru...

GURRRUM!

Moshi mweusi ukatoka puu! Kuku akaruka. Baba akaruka juu kuliko kuku.

"Limewaka!" Sekela alipiga kelele. Alifurahi mpaka akalia.

Baba akaja mbio, ameshavaa kofia yake ya sokoni. "Dada, nikae mbele?"

"Mbele kuna mafundi," Shangazi alijibu. "Nyuma kuna nafasi, ukimwomba kuku vizuri."

Baba akapanda nyuma. Wakazunguka mtaa mzima, gurrum, gurrum, gurrum. Majirani walipiga makofi. Kuku alikaa kwenye mapaja ya Baba.

Usiku, Sekela aliogeshwa kwa sabuni nyingi. Mikono yake bado ilinuka dizeli. Baba akamfunika blanketi, akainama karibu na sikio lake.

"Sekela," alinong'ona, "kesho nitakaa mbele?"

Sekela akapiga mwayo mrefu.

"Tutaona, Baba," alisema.

Akalala fofofo.