Tepu ya Fundi Ambilikile

Mwaka ule wa korona, Fundi Ambilikile, mshona nguo wa Tunduma, aliiona korona kila mahali. Hata kitenge cha mteja alikianika juani kutwa nzima kabla ya kukikata.

Mkewe, Imelda, alikuwa na mimba ya miezi saba. Miezi miwili hajakanyaga kliniki.

"Baba Brayan, leo ni tarehe yangu ya kliniki."

"Ukakoholewe huko? Thubutu! Nitakupima mwenyewe."

Fundi akachomoa tepu shingoni. Akamzungushia mkewe tumboni. Akaandika kwenye daftari la wateja, chini ya vipimo vya suti ya mchungaji.

"Tumbo limeongezeka inchi mbili tangu nikushonee dera. Mtoto mzima kabisa!"

"Na kichwa kinachoniuma?"

"Kichwa sikipimi. Mimi sishoni kofia."

"Na miguu? Viatu haviingii."

"Nitakununulia namba kubwa."

Jirani yao Nesta, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwa amefika kuchukua barakoa alizoagiza. Alianza kucheka. Alipoiona miguu ya Imelda, kicheko kikamkauka.

"Mama Brayan, kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu juzi. Na macho yanaona ukungu."

"Fundi, hiyo tepu inapima presha?"

Ambilikile akaitazama tepu yake.

"Hizi ni dalili za hatari kwa mjamzito," Nesta akasema. "Anaweza kupata kifafa cha mimba. Kinaua mama na mtoto. Kliniki hazijafungwa, fundi. Twendeni sasa hivi!"

Fundi akakimbilia rundo la barakoa. Jamani, alimpenda mkewe! Akamvalisha barakoa tatu kwa mpigo.

"Baba Brayan, nitakosa pumzi!"

"Moja inatosha," Nesta akasema.

Kliniki walikuta ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mabenchi yalikuwa nje, na watu wamekaa mbalimbali. Fundi akapima nafasi kwa tepu. Mita moja kamili.

Presha ya Imelda ilikuwa juu sana. Alipewa dawa, akapelekwa hospitali, akalazwa. Wiki sita baadaye alijifungua salama mtoto wa kike.

Siku hizi mjamzito akileta kitenge, fundi humuuliza kwanza, "Kliniki umeenda lini?" Aliyekacha hashonewi.

Siku Imelda aliporudi nyumbani, fundi alikizungushia tepu kichwa cha mtoto, taratibu.

"Si ulisema hushoni kofia?" Imelda akauliza.

"Nyamaza, mama," fundi akasema huku akifuta machozi. "Hii ndiyo ya kwanza."