Ndege Aliyefunikwa Kitambaa

Zama zile Waarmenia walipotawala milima ya Kilikia, Bwana Oshin wa ngome ya Tsorak aligeuka manjano, macho hadi kucha, ilhali adui amemzingira tangu mavuno. Askari wake walikwisha kunong'onezana kwamba bwana akifa, watafungua lango.

Theofilo, tabibu wa Kigiriki, hakuwa na wasiwasi. "Atazamane na chekeamwezi, ndege wa macho makubwa ya manjano. Ndege huunyonya ugonjwa wote. Ila humponya mgonjwa mmoja tu, wa kwanza kumtazama."

Zaruhi, mke wa Oshin, hakutuma mtu. Alivaa joho la wachungaji, akapenya njia ya mbuzi hadi soko la Wagiriki. Huko wauzaji humfunika ndege huyo gubigubi, maana mgonjwa akimchungulia tu hupona bure na kwenda zake. Zaruhi alitoa bangili zake, akapewa tundu lililofungwa kitambaa cheusi.

Njiani walinzi wa adui walimkamata, wakamfikisha kwa Jemadari Bektemur. Deraya ilimpwaya kifuani, na macho yake yalikuwa manjano kama kiini cha yai.

"Umebeba nini, bibi?"

"Dawa ya mume wangu."

Bektemur alilitazama tundu, akaelewa. Akanyoosha mkono. Zaruhi akashika kijilango cha tundu.

"Ukinipokonya, namwachia aruke. Ukiapa kung'oa mahema yako, jemadari, mtazame wewe."

Alisema huku machozi yakimtoka, kwa kuwa alimpenda Oshin na alijua anachokitoa.

"Mumeo ana bahati," alisema Bektemur, akaapa kwa upanga wake. Kitambaa kikafunuliwa. Jemadari na ndege wakakodoleana macho, hakuna aliyetaka kupepesa kwanza. Kisha jemadari akaomba chakula. Kulipokucha, jeshi likaondoka.

Zaruhi aliingia ngomeni kichwa chini, na Theofilo akathibitisha kuwa ndege amekwisha nguvu. Lakini njia zilikuwa wazi. Unga ukapanda mlimani, na asali, na kwale wanono. Oshin, aliyekuwa akila dengu kavu siku zote hizo, alipewa mchuzi wa kwale asubuhi na jioni, na rangi yake ikamrudia taratibu. Theofilo alisema kwale naye ni dawa, tena alikwisha kulisema hilo mapema. Hakuna aliyekumbuka, wala hakuna aliyebisha. Zaruhi alicheka hadi akakaa chini.

Oshin aliamuru chekeamwezi achongwe juu ya lango. Mchongaji, mtu mwangalifu, alimchonga akiwa amefunikwa, asije mpita njia akapona bure. Ngome ilibomoka zamani, jiwe likabaki, na wachungaji wanaopumzika chini yake hudhani ni gunia la unga.