Salamu ya Kreni Namba Tisa

Kontena lilipaa kutoka tumboni mwa meli, likavuka gati, likatua juu ya behewa taratibu kama sahani inavyowekwa mbele ya mgeni. Hapakuwa na mtu. Lilibebwa na kinyanyuzi, mashine ya mikono sita yenye akili mnemba, na bandari nzima ya Tanga sasa ilikuwa mali ya vinyanyuzi. Havikuomba likizo wala chai. Sifa yavyo kubwa ilikuwa moja: mzigo haukuyumba hata kidogo.

Zuhura Semkiwa alitazama kutoka nje ya uzio, na kila alipotazama alijiona yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi kampuni iliwavisha waendesha kreni glavu nasa, ambazo nyuzi zake zilinakili kila mkunjo wa kidole. Waliambiwa ni kwa usalama wao. Kumbe vinyanyuzi vilikuwa darasani! Vilipofuzu, walimu wakapunguzwa kazini na kreni zao zikauzwa kama vyuma chakavu. Tangu siku hiyo Zuhura alikuwa akipika chakula cha mchana kabla watu hawajamaliza cha asubuhi, kwa kukosa la kufanya. Mwenzake Mbaruku, wa kreni namba nne, hakutoka ndani kabisa.

Kreni namba tisa, aliyokuwa akiiendesha Zuhura, ilinunuliwa na wendawazimu. Ndivyo mji ulivyokiita kikundi cha Tunu, binti mwenye sauti ya mnadani, aliyetaka kuonyesha tamthilia za vikaragosi wakubwa kama nyumba katika uwanja wa wazi. Alimfuata Zuhura hadi mlangoni.

"Shikamoo, dada. Kreni tunayo, mwendeshaji hatuna."

"Marahaba. Mimi na sanaa wapi na wapi? Hata ngoma ya harusi hunishinda."

"Njoo ujaribu tu. Onyesho letu la kwanza likiharibika, manispaa inatunyang'anya uwanja, na kila mtu arudi kwao."

Zuhura akaenda. Alipanda ngazi ileile, akakaa kwenye kiti kilekile, na mikono ikavaa glavu zake kuukuu bila kuulizwa, ingawa hakukuwa na kompyuta tena ya kunakili chochote. Chini alilala Bibi Hiba, kikaragosi wa ukindu na kanga, ajuza mrefu kuliko minazi. Zuhura akamnyanyua kwa kulabu, akamvusha uwanja na kumsimamisha bila kutikisa hata pindo la kanga. Akachungulia chini akingoja makofi.

"Umembeba vizuri sana," Tunu alisema kwenye redio ya mkononi. "Kama maiti."

"Unasemaje?"

"Usiudhike, dada. Kabla yako tulikodi kinyanyuzi, nacho kilimbeba hivyo hivyo. Mwache ayumbe! Mtu hai huyumba."

Kinyanyuzi kingembebaje vingine, na mwalimu wake ni yeye? Kazi yote ya mwendesha kreni ni kuua myumbo, na mkono wa Zuhura uliuua kabla yeye hajafikiri. Alijaribu asubuhi, akajaribu jioni, wiki ikakatika. Bibi Hiba alisimama wima kama nguzo ya umeme. Siku moja kabla ya onyesho, Zuhura alilia kule juu peke yake. Kupokonywa kazi na mashine kulimuuma, lakini kuona kwamba yeye ndiye mashine kulimuuma zaidi. Akaamua kuacha. Akavua glavu ili ashuke.

Viganja vilipopigwa na upepo, vikakumbuka jambo. Enzi zile zamu ilipokwisha na msimamizi akishaondoka, waendesha kreni walivua glavu, maana mchezo huo ulikatazwa na hawakutaka unakiliwe. Kisha waliyumbisha kulabu tupu mara mbili, kreni kwa kreni, kuagana. Mbaruku ndiye aliyeanza kila siku, na Zuhura alijibu. Katika yote ambayo vinyanyuzi vilifundishwa, salamu ile haikuwamo.

Akashika wenzo kwa mikono mitupu, akaiyumbisha kulabu mara mbili. Bibi Hiba akainua mkono, mabega yakacheza, kanga ikapepea, na ajuza akapunga kama mtu aliyemwona mwanawe sokoni.

"Weee!" Tunu alipiga ukelele. "Yu hai! Bibi yu hai!"

Kesho yake uwanja ulifurika. Bibi Hiba alitembea, akachoka, akashika kiuno, akawachokoza watoto mpaka wakakimbia wakicheka. Mwishoni akageuka kuwaaga watu, akapunga mara mbili.

Nyuma kabisa mtu mmoja alipanda juu ya benchi huku mkewe akimshikilia asianguke. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa usoni. Akanyoosha mkono, akauyumbisha mara mbili, polepole, kama kulabu tupu.

"Mbaruku," Zuhura alinong'ona. Moyo ulimjaa shukrani, akashukuru mpaka kwa chuma kile chakavu alichokalia. Bibi Hiba akapunga tena. Mbaruku akajibu. Bibi akapunga tena.

"Dada Zuhura," Tunu aliita kwenye redio, "tamthilia imekwisha! Mshushe bibi."

"Ngoja kidogo, mdogo wangu," alisema Zuhura. "Yule bwana bado hajamaliza kuniaga."