Mbegu Zilizobaki Kwenye Leso

Kila asubuhi nafagia mlangoni mwa jiko kabla ya kuwasha moto. Kwa mama yangu, kule Kau, mlango wa jiko ulikuwa na mrehani. Ukipita, nguo inagusa majani, na harufu inakufuata mpaka ndani. Hapa kwangu Hewani nilikuwa nikifagia vumbi tu.

Mwaka wa mafuriko, 1997, mama alikuja kunitembelea. Mto ukajaa kabla hajarudi. Tulihamia mwinukoni, tukalala chini ya turubai. Huko mama akashikwa na homa, akafariki. Dada yangu Alice alikuwa Kau. Njia yote ilikuwa maji. Hakuwahi kumzika mama.

Mwaka uliofuata, Alice alinitumia maneno na msafiri mmoja: "Mrehani wa Mama umekufa kwa maji. Nitakuja Krismasi. Nipikie samaki wa mrehani kama wa Mama."

Mama alikuwa amefunga mbegu za mrehani kwenye pindo la leso yake, na leso hiyo ilibaki kwangu. Ni nyeusi, ndogo kuliko ufuta. Mwezi wa tisa nikachukua nyingi nikapanda mlangoni mwa jiko kama ninavyopanda mahindi. Nilitoboa mashimo kwa kijiti, nikatia mbegu, nikafukia, nikakanyaga.

Wiki tatu zikapita. Hakikuota kitu. Udongo wa mto ulikauka ukapasuka. Kwenye leso zilibaki mbegu za kujaa ukucha.

Darmi alinikuta nimechutama pale. Yeye ni mama wa Kiorma, huniletea maziwa, nami humpa mahindi.

"Mama Jairus, umepoteza nini?"

Nikamweleza. Akatazama mashimo yangu, akacheka taratibu.

"Umezifukia wapi, kisimani? Mbegu hii ni ndogo. Haina nguvu ya kupanda juu kutoka huko. Nilikaa kwa shangazi yangu Kipini nikiwa msichana. Yeye alizimwaga juu ya udongo tu."

Mume wangu Hiribae alisikia. "Haya! Umelima miaka arobaini, leo unafundishwa na mwenye ng'ombe!"

"Na wewe mzee, maziwa unayokunywa ni ya nani?" Darmi akamjibu. Hiribae akacheka.

Kesho yake Darmi alikuja na maziwa, na mfuko wa samadi kavu begani. Sikuwa nimemwomba. Alitembea nao jua lote lile.

Tulitoboa kopo la mafuta chini kwa msumari, maji yasituame. Tukachanganya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Tukalowesha. Nikafungua leso.

"Nusu tu," Darmi akasema. "Nyingine funga. Usitie zote mahali pamoja tena."

Nikazinyunyiza juu. Tukazifunika kwa mchanga mwembamba, kama chumvi juu ya muhogo.

"Maji usimwage kwa kata, zitachukuliwa. Nyunyiza kwa vidole, asubuhi na jioni."

Siku ya saba niliona vijani viwili viwili, vidogo kama masikio ya panya. Niliita majirani wote.

Miche ilipopata majani sita, tuliihamishia mlangoni mwa jiko, kwenye tuta lililoinuka, nafasi ya shubiri moja kati yake. Ilipofika urefu wa shubiri, Darmi alikata ncha, juu kidogo ya majani mawili.

"Unaniulia!" nikapiga kelele.

"Siui. Hapa patatoka matawi mawili. Ukiuacha, utakimbilia maua, na majani yatapungua. Mmoja tu uache utoe maua, upate mbegu."

Zile ncha nilizitia sufuriani na samaki siku hiyo hiyo, pamoja na vitunguu. Samaki alipoiva, majani yalikuwa meusi.

Hiribae alionja. "Mrehani wenyewe uko wapi?"

Nilipomwambia Darmi, alijibu, "Moto umekula harufu. Epua sufuria kwanza."

Krismasi Alice alishuka Garsen kwa basi, akafika Hewani saa sita. Alikuwa amekonda. Hakuuliza habari za mama. Nilimwosha kambare kwa ndimu na chumvi, nikampika kwa nyanya na tui la nazi. Nikaepua. Nikachuma majani, nikayaosha, nikayachana kwa vidole, nikayatia, nikafunika kidogo.

Nilipofunua, Alice aligeuka akatazama mlango wa jiko. Alitazama kwa muda mrefu, kama anayemngoja mtu atoke.

Akala tonge moja. Akaweka mkono chini.

"Dorothy, nipeleke alikolala Mama."

Tulikwenda wawili. Alikaa pale mpaka jua likapoa. Aliporudi alimaliza sahani yake, ingawa chakula kilikuwa kimepoa.

Hakuondoka mpaka maua ya ule mrehani mmoja yalipokauka. Tuliyapukuta juu ya leso ya mama. Mbegu tulizigawa mafungu matatu: langu, la Darmi na la Alice. Nilimweleza Alice yote: udongo laini, mbegu juu, maji kwa vidole.

Mwezi wa tatu, mtu kutoka Kau alinipitishia maneno ya Alice:

"Mwambie dada mbegu zimeota mlangoni mwa jiko. Mwambie sikuzifukia."