Chupa Tatu Kabla ya Saa Nne

"Chupa tatu, Mama Joel! Tatu, na saa nne asubuhi haijafika! Mkwe wangu huyu ni ng'ombe wa kisasa, nakuambia!"

Nilikuwa nimelala chumbani, Susana wangu wa siku kumi na mbili kifuani, nikisikiliza sauti ya mama mkwe kutoka jikoni. Mama huyu akishika simu hapa kwetu Olasiti, watu wa Kaloleni kule mjini wanapata habari bila kupigiwa.

"Ya kwake mwenyewe, ndiyo! Anakamua alfajiri, mwanangu anayaweka kwenye friji lake la kahawa, anapasha, analeta. Unafikiri ni nini kama si mtori wangu wa ndizi na nyama? Nilisema nikishuka kutoka mlimani na ndizi za Akheri lazima kieleweke!"

Mimi nikamue? Tangu nijifungue sijatoa hata tone la kulowesha kona ya kanga. Nikachukua simu nikamwandikia mume wangu, aliyekuwa chumba cha nyuma anakokaangia kahawa zake za kuuza hotelini.

"Umemwambia mama yako nini kuhusu chupa?"

"Mke wangu, niko kwenye moto. Zitaungua."

"Ziungue."

Haikupita dakika, kichwa cha Ndesanjo kikatokea dirishani, nje ya nondo. Ndiyo, dirishani. Tangu aingie, mama yake alikuwa amepiga marufuku mwanaume kuvuka mlango wa mzazi mpaka atakapotoka ndani. Ndivyo alivyofanyiwa yeye na mama mkwe wake. Mume wangu akahamishiwa kwenye kochi, nami nikawa naongea naye kwa meseji kama tunaanza uchumba.

"Nashilu, punguza sauti."

"Sijasema kitu bado! Umemwambia nakamua?"

Akafuta jasho kwa mkono wenye maganda ya kahawa.

"Nilimwambia hivyo siku aliyofika. Aliuliza chupa ya nini, na mimi... neno likanitoka tu."

"Likakutoka! Ukaniambia umemweleza, amekubali, hana neno. Siku nne, Ndesanjo! Siku nne namwombea mama yako baraka kwa kuwa mwelewa. Kila akinipa bakuli la mtori anasema kula maziwa yajae, mimi nadhani ni mazoea ya wazee!"

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nani?"

Akageuza uso kuangalia moshi wa kahawa zake.

Wasomaji, niwaeleze. Nilipojifungua nilitokwa na damu mpaka nikaongezewa mifuko minne. Mtoto alikuwa mzima, analia kwa nguvu zote. Nikamweka ziwani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Manesi wakanisaidia kumweka hivi, kumweka vile, wakanikamua mpaka nikalia. Siku ya tano uzito wa Susana ulikuwa umeshuka, daktari akakaa kitandani kwangu akasema ile damu nyingi iliyopotea imeathiri maziwa, na mtoto hawezi kuendelea kusubiri. Aliandika aina ya maziwa ya kopo, na nesi akatufundisha wote wawili kuyatengeneza. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani. Ndesanjo ndiye aliyeuliza maswali yote na kuandika kwenye kiganja.

"Unakumbuka uliniambia nini wodini?" nikamuuliza pale dirishani.

"Nilisema mengi."

"Ulisema, 'Wewe umetoa damu, maziwa niachie mimi.' Nikageuka nikakuangalia, nikaacha kulia. Sasa leo unakwenda kunipa mimi sifa ya kazi yako. Unanionea aibu?"

"Hapana, Nashilu!"

"Basi mwambie mama yako."

"Nitamwambia, na kopo nitalitoa kwenye gunia la kahawa nilikolificha. Jumamosi wamama wa usharika wanakuja kukuona. Wakishaondoka tu, namwambia."

"Kwa nini wakishaondoka?"

Akakuna nondo kwa ukucha. Jibu nilikuwa nalo mimi, na lilinichoma. Kutengeneza chupa anaweza saa yoyote, hata usingizini. Kusimama mbele za watu na kusema mke wangu hana maziwa, hapo ndipo alipokuwa akishindwa. Na mimi nilitaka hicho tu. Kopo lisingenivunja hata siku moja. Mume anayelificha kopo kwenye gunia la kahawa, huyo angenivunja.

"Ndesanjo, sikiliza. Mimi sitadanganya. Jumamosi nikiulizwa, nasema. Uwepo au usiwepo."

"Mke wangu..."

"Nenda, kahawa zako zinaungua."

Na kweli zilikuwa zinaungua.

*

Jumamosi saa tisa wakaja, wanawake sita na vitenge vyao vya umoja, sabuni, mchele na kuku mmoja mwenye hasira.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Hongera mzazi, hongera! Hebu tumwone somo wa bibi yake!"

Mama mkwe akampokea Susana akamwinua kama kombe la mpira. Mtoto ana jina lake, mjukuu wa kwanza wa kike, mnategemea nini?

"Mnaona mashavu? Mnaona mikono? Haya ni maziwa ya mama na ndizi za mlimani, basi!"

Wakacheka, wakapiga vigelegele. Nyuma yao, karibu na mlango, alisimama Marta, mke wa Anaeli, binamu yake Ndesanjo. Naye alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Hakupiga kigelegele. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mtoto wake alikuwa analia kale kasauti kembamba ka kuchoka.

"Marta, njoo mbele, usione haya," mama mkwe akasema. "Nashilu, mwanangu, huyu mwenzako amekauka. Nimempa mtori, nimempa supu, wapi. Ni uvivu wa kula, wasichana wa siku hizi wanaogopa kunenepa. Nikamwambia, mtazame Nashilu! Anajaza chupa tatu kabla ya saa nne! Basi nimeahidi utamsaidia. Chupa mbili kwa siku, boda ya Anaeli itafuata."

Chumba kikapiga makofi. Marta akainua uso akanitazama.

"Dada, hata moja inatosha," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi sijui nina kasoro gani. Nakula kila ninachopewa."

Jamani. Kumbe uongo ule ulikuwa umetembea mpaka kwa mwenzangu, ukamfanya ajione si mwanamke. Nikaketi wima kitandani.

"Baba Susana!" nikaita. "Baba Susana, njoo huku!"

"Niambie mimi, nitamwambia," mama mkwe akasema haraka. "Mwanaume haingii humu."

"Leo ataingia, Mama. Naomba unisamehe."

Nikahesabu moyoni. Sikusikia hatua. Nikasema basi, nitasema peke yangu, na nikafungua mdomo.

Mlango ukasukumwa. Ndesanjo akaingia na aproni yake ya kukaangia, chupa safi mkono mmoja, birika mkono mwingine, na kwapani, mbele za wanawake sita na mama yake, amelibana kopo la maziwa.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba..." wakaitikia, macho kwenye kopo.

"Ndesanjo!" mama mkwe akang'aka. "Umepotea njia? Na hilo ni nini?"

"Ni chakula cha somo wako, Mama. Hajawahi kula kingine tangu atoke hospitali. Nashilu hakamui. Nashilu hana maziwa. Mimi ndiye niliyekudanganya, na yeye hakujua mpaka juzi aliposikia ukiongea na simu."

Nilimtazama mume wangu, nikasema moyoni, huyo sasa ndiye niliyemkubali.

Mama Joel, yule wa kwenye simu, alikuwa wa kwanza kupata sauti. Akainama kwa jirani yake, akanong'ona kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka barabarani:

"Mama mzima asinyonyeshe? Labda kuna kitu kwenye damu..."

"Mama Joel," nikasema, "kama kingekuwepo ningemeza dawa na kunyonyesha, ndivyo wanavyofundisha kliniki siku hizi, na wala isingekuwa aibu. Damu yangu ilimwagika nikimleta huyu mtoto. Mifuko minne nimeongezewa. Nilimweka ziwani siku tano, hakikutoka kitu. Ukiwa na swali lingine niulize mimi, niko hapa."

Mama Joel akaanza kushughulika na yule kuku.

Mama mkwe alikuwa bado anamtazama mwanawe.

"Umenidanganya, Ndesanjo. Ndani ya nyumba yako, huku unakula chakula changu."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

"Nilikuogopa. Na nilimwonea mke wangu aibu ambayo yeye mwenyewe hana. Nimekosa kwako, na kwake nimekosa zaidi."

Susana akaanza kulia. Saa yake ilikuwa imefika. Ndesanjo hakusubiri ruhusa. Aliweka chupa juu ya meza, akainama macho yawe sawa na mistari ya kipimo.

"Maji yaliyochemka, bado ya moto," akasema, kama anayemfundisha mtu. "Maji kwanza. Mililita tisini. Halafu unga, vijiko vitatu vya humu humu kwenye kopo. Hushindilii, unasawazisha kwa kisu. Ukizidisha unamuumiza tumbo, ukipunguza unamlaza njaa."

Akatikisa, akaipoza chupa kwenye bakuli la maji baridi, akadondoshea matone kwenye kifundo cha mkono. Kisha akanyoosha mikono kwa mama yake. Mama mkwe akampa mtoto, nadhani kwa mshangao tu. Ndesanjo akaketi kando yangu kitandani, akamlaza Susana mkononi kichwa kikiwa juu, na mtoto akaidaka chuchu ya chupa na kutulia. Wanawake sita walimtazama mwanaume akilisha kichanga.

Marta ndiye aliyelia. Alilia kwa kwikwi, mabega yakitikisika.

"Kwa hiyo... hata wewe, dada?"

"Hata mimi, Marta."

"Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Hapo nikamwona mama mkwe akigeuka. Taratibu, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu motoni. Akamtazama Marta, akautazama uso wake uliovimba.

"Wiki nzima nimemwita huyu mtoto wa watu mvivu," akasema. "Mbele ya mume wake. Mbele ya usharika." Akavuta pumzi. "Marta, nisamehe, mwanangu. Nilikupima kwa kipimo cha uongo."

"Hukujua, Mama."

"Sikuuliza. Niliongea tu. Mdomo wangu huniponza."

"Mama," nikamwambia, "Jumatatu mpeleke kliniki. Wamwangalie yeye na mtoto. Asikimbilie kopo kabla hawajamwangalia. Mimi waliniangalia siku tano. Yeye hajaangaliwa hata dakika tano, amepewa mtori tu."

"Nitampeleka mwenyewe." Kisha akasogea karibu na Ndesanjo, akainama juu ya chupa. "Na akibakisha, unamwekea baadaye?"

"Hapana, Mama. Yanamwagwa."

"Yanamwagwa! Maziwa!" Akashika kiuno. Akafikiri. "Haya. Maji kwanza. Rudia tena, polepole. Hiyo chupa ijayo nitaitengeneza mimi, na wewe utasimama hapo uniangalie."

*

Jumatatu mchana nilikuwa sebuleni, maana sheria ya mlango ilikufa siku ile ile na hakuna aliyeizika. Simu ikalia meseji. Marta.

"Dada Nashilu, maziwa yapo! Nesi amesema mtoto alikuwa hashiki ziwa vizuri. Wamenionyesha namna ya kumweka, amenyonya robo saa nzima mpaka amelala. Mama ameniganda kama askari, anamuuliza nesi kila kitu. Usingesema ukweli ningekuwa bado nakunywa supu na kulia. Mungu akubariki wewe na shemeji."

Nikaisoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zilikuwa zimelowa. Ndesanjo akatoka chumba cha nyuma na chupa ya saa saba, akanikuta hivyo.

"Kuna nini? Susana?"

Nikampa simu. Akasoma, akatabasamu, kisha akaniangalia na tabasamu likapungua.

"Unalia."

"Nimefurahi. Kweli nimefurahi, kwa moyo wote." Nikafuta uso kwa kanga. "Na nina wivu, Ndesanjo. Kidogo. Robo saa nzima, mpaka amelala."

Mume wangu wa wiki iliyopita angetafuta maneno mazuri, na mengine yangekuwa ya uongo. Huyu aliketi kando yangu, akamchukua mtoto, akaniegemeza begani kwake, akaanza kulisha. Aliningoja nimalize kulia.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma. Itapita. Usiniambie haiumi."

"Sikuambii."

Susana alikuwa anavuta chupa kwa bidii, kidole chake kimekamata kidole cha baba yake. Nikawatazama wote wawili mpaka kifua kikawa chepesi.

"Marta ana maziwa," nikasema. "Mimi nina wewe."

"Na kopo."

"Na kopo," nikasema, na safari hii nilicheka mpaka mama mkwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia getini, akauliza kwa sauti nani ameshinda nini.