Plagi Kiunoni

Usinibenulie midomo kabla hujasikia. Shoga yangu hana hata akili ya kutunga uongo.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, huisukuma mashine inayokamua machungwa na kuuza juisi kwa vikombe hadi stoo isiyo na dirisha, aioshe. Taa pekee humo ni ya mashine yenyewe, kwa hiyo akichomoa plagi huosha gizani, kwa kupapasa. Plagi huifutika kiunoni, maana mwoshaji wa kabla yake aliwashiwa mashine mkono ukiwa ndani.

"Mama, unaiosha au unaiogesha?" msimamizi alimkejeli siku moja. "Harakisha."

"Yule wa kwanza ulimharakisha hivyohivyo. Leo anafunga vifungo kwa mkono mmoja."

Msimamizi akasonya, akaenda zake. Shoga akatoa machungwa yote, akatia mkono penye visu, akasugua kwa kitambaa. Mara vikamulio vikaanza kuzunguka polepole, krr, krr. Akauchomoa mkono, kitambaa kikabaki humo. Akapapasa kiunoni, plagi ipo. Gizani mashine ikadondosha kikombe, kitu kikamiminika humo hadi kikombe kikajaa. Akakigusa. Kilikuwa na joto kama la mwili wa mtu.

Akaiacha ndoo yake ya maji, akatoka. Kikombe cha pili kilidondoka wakati akiufunga mlango.