Uso Chini ya Gundi

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo wakati Kaoutar alipotoka dukani na unga wa muhogo wa kupikia gundi. Wenye gundi za chupa na wacheke wanavyotaka. Yeye picha kubwa za wateja wake, za harusi na za misiba, alizibandika kwenye kartoni za fremu kwa uji wa muhogo sebuleni kwake Rumonge, na hakuna hata moja iliyowahi kubanduka.

Mlangoni alimkuta mwanamke aliyejifunika kitenge hadi puani, kwapani ana picha iliyoviringishwa. Alinuka matope ya ziwani.

"Amahoro, mama," Kaoutar alisema.

"Iko foto ya dada yangu. Kesho tunamaliza kilio. Nataka kadre leo."

"Fremu leo haiwezekani. Kartoni zimeisha."

Mwanamke akaingia bila kukaribishwa. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya harusi ya Kaoutar na mumewe Hamidou.

"Na ile?"

Kaoutar alitamani kumtimua. Lakini picha ile ilikuwa imeliwa na ukungu, na Hamidou alikuwa njiani kutoka Bujumbura na nakala mpya. Tena mafundi wa kadre hubandika picha mpya juu ya kuukuu, kwa kuwa kadibodi iliyozeeka haipindi tena. Akakubali, ili mgeni aondoke tu.

"Anza na uso," mwanamke alinong'ona, akatoka.

Kaoutar alipika gundi, akaitungua picha ya harusi yake mwenyewe, akaipaka gundi sakafuni, kisha akaikunjua ile picha.

Alikuwa mwanamke yule yule.

Kitenge kile kile, ila sasa kimeshushwa. Macho yalimtazama kwa chuki, kama ya mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa. Pacha wake, Kaoutar alijiambia. Mapacha wapo. Akailaza picha, akaanza kusukuma hewa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni.

Povu moja likagoma. Lilikuwa mdomoni.

Akibonyeza, linashuka.

Akiachia, linapanda...

Linashuka...

Linapanda...

Akalikandamiza kwa kiganja. Pumzi yake ikakatika.

Aliachia, akavuta hewa kwa shida. Ulimini alionja muhogo. Hapo ndipo alipokumbuka ni mdomo wa nani ulikuwa chini ya mdomo ule. Bi harusi. Yeye.

Hofu ilimshika kwelikweli. Akakamata ncha ya karatasi, akavuta. Gundi aliyojivunia miaka yote ilikuwa imeshika vizuri mno, na picha ya juu ikabanduka na ngozi ya picha ya chini. Hamidou alibaki mzima na koti lake na tabasamu lake. Alipokuwa amesimama bi harusi palibaki kadibodi tupu. Uso wake ulikuwa umeng'ang'ania mgongoni mwa picha ya mgeni.

Nje, pikipiki ikazimwa. Akasikia sauti ya Hamidou, halafu kicheko cha mwanamke.

Kicheko alikijua. Kilikuwa chake.

Mlango ulifunguliwa. Hamidou aliingia na picha mpya mkononi, na nyuma yake yule mwanamke akishusha kitenge taratibu. Paji lilikuwa la Kaoutar. Kidoti cha shavuni, cha Kaoutar. Hata pengo dogo la meno ya mbele.

Hamidou alimtazama mkewe aliyepiga magoti sakafuni.

"Amahoro, mama," alisema, kwa heshima ile ya kumpa mtu usiyemjua. Kisha akageuka. "Kaoutar, huyu mama ni nani? Mbona iko inanuka ziwa?"

"Alileta foto ya dada yake," mwanamke alijibu, akivua viatu kama mwenye nyumba. "Tundika yetu ukutani, mume wangu. Yeye sasa anaenda."

Kaoutar alifungua mdomo aite jina la mumewe.

Ikatoka hewa tu. Ikapanda... ikashuka.